Adams wa Athens, Idara ya Boston na Kura ya 43

Anayetaka kuijua historia ya hifadhidata asianzie kwenye nadharia, aanzie kwenye mifano ya kufundishia. Nadharia husomwa na wachache. Mfano hupita mikononi mwa kila mwanagenzi, naye akishauzoea huingia nao kazini pamoja na kasoro zake.

Juni 1970, E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zipangwe kwenye majedwali, na anayezitafuta asilazimike kujua zimehifadhiwaje ndani ya mashine. Ili aeleweke alitumia mfano wa wauzaji, vipuri, miradi na idadi ya mizigo. C. J. Date, naye wa IBM, akauendeleza katika kitabu cha kiada kilichotoka mara ya kwanza 1975 na kuchapwa upya mara nyingi. Wauzaji mashuhuri wa kitabu hicho ni watano: Smith na Clark wa London, Jones na Blake wa Paris, na Adams wa Athens. Wanne wanauza nati, bolti, skrubu na vitu vya aina hiyo. Adams hauzi chochote.

Huyo Adams si wa kujazia nafasi. Mwanafunzi akiambiwa aorodheshe kila muuzaji pamoja na mizigo yake, atayaunganisha majedwali mawili kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, na orodha itatoka safi, ya kupendeza, na yenye upungufu: Adams hayumo. Hana mzigo, kwa hiyo hakuna cha kumuunganisha nacho. Kompyuta haionyi wala hailalamiki. Mwanafunzi aliyempoteza Adams mara moja hujenga tabia ya kuhesabu safu kabla ya kuamini ripoti, na tabia hiyo haifundishiki kwa maelezo matupu.

Mwaka 1977 Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Oracle. Mmoja wa waajiriwa wao wa mwanzo, Bruce Scott, aliacha jina lake kwenye akaunti ya mfano: mtumiaji SCOTT, nywila TIGER, jina la paka wa binti yake. Ndani mna wafanyakazi 14 na idara 4. Karani Smith analipwa 800, rais King 5000. King hana bosi, hivyo mahali pa bosi wake pako tupu, na idara ya nne, iliyoko Boston, haina mfanyakazi hata mmoja. Ni Adams yuleyule kwa sura nyingine. (Akaunti hiyo ilisahauliwa wazi kwenye seva nyingi za kazi, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa milango ya kwanza kujaribiwa na wadukuzi.) Microsoft nayo, baada ya kutoa Access mwaka 1992, iliwazoesha watu Northwind, kampuni ya kubuni ya kuuza vyakula. Bidhaa yake namba 1 ni Chai, bei 18. Wateja ni 91, lakini wawili, mmoja wa Madrid na mwingine wa Paris, hawajawahi kuagiza kitu.

Mpaka hapo mwanafunzi alikuwa peke yake mbele ya mashine yake. Wavuti ilileta umati.

Mwaka 1993 ulipatikana utaratibu wa CGI, uliowezesha seva ya wavuti kuendesha programu na kumrudishia msomaji ukurasa uliotengenezwa papo hapo. Mifano iliyosambaa ilikuwa midogo: kitabu cha wageni, kihesabio cha waliotembelea, fomu ya kutuma barua. Mingi iliandika data kwenye faili la kawaida, na watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja faili liliweza kuharibika. Philip Greenspun wa MIT aliliona tatizo hilo mapema. Kitabu chake cha 1997 kilihusu tovuti zinazotegemea hifadhidata, na hoja yake ilikuwa kwamba kazi ngumu ya kulinda maandishi ya watu wengi kwa pamoja imeshafanywa na watengenezaji wa hifadhidata, basi waachiwe wao. Wanafunzi wake walijifunza kwa kujenga tovuti nzima ya jumuiya: kujisajili, kujadiliana, kutoa maoni. Binafsi naona ndiye mwalimu wa kwanza wa fani hii aliyetoa mfano wenye umbo la kazi halisi.

Ila walioshinda kwa wingi walikuwa wengine. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa PHP, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti, na mwaka huohuo hifadhidata ya MySQL ikaanza nchini Sweden. Zote zilipatikana bure, zote zilifungika kwenye kompyuta duni. Vitabu vikamiminika, na karibu kila kimoja kilikuwa na fomu ya kuingia yenye jina na nywila. Chukua alichoandika mtumiaji, kichomeke katikati ya amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, itume. Inafanya kazi, mwanafunzi anafurahi. Lakini mtu akiandika kwenye kisanduku cha nywila ' OR '1'='1, ile alama ya kwanza inafunga maneno ya mwenye fomu, na yanayofuata yanageuka sehemu ya amri yenyewe. Kwa kuwa 1 ni sawa na 1 katika kila safu, mlango unafunguka. Jarida la wadukuzi la Phrack lilieleza mbinu za aina hiyo Desemba 1998. Zile amri za zamani za PHP zilizozoeza watu kuandika hivyo ziliondolewa kwenye lugha Desemba 2015, katika toleo la 7. Miaka 17! Na hata leo kanuni ya kujikinga ni ileile: amri iandaliwe kwanza, data za mtumiaji zipelekwe kando.

Mwaka 2004 David Heinemeier Hansson wa Denmark alitoa Ruby on Rails, kiunzi cha kujengea tovuti, na mwaka uliofuata ikaenea filamu yake fupi akijenga blogu kwa dakika 15. Ilishangaza, na iliwahamisha wengi. Ilifundisha mpangilio wa mradi vizuri kuliko kitabu chochote kabla yake, lakini blogu ina mwandishi mmoja na haina haraka. Mfano ninaoupenda zaidi ulitoka Lawrence, Kansas, kwenye chumba cha habari cha gazeti la mji huo, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kutengeneza kiunzi kingine, Django, mwaka 2003. Mafunzo yake rasmi humjengesha mwanafunzi mfumo wa kura ya maoni, wenye majedwali mawili tu, la swali na la majibu. Kura zikiwa 42, watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, kila ombi linasoma 42, linaongeza moja, linaandika 43. Kura moja imepotea. Mafunzo hayo hayakulificha jambo hilo. Yalisimama, yakalitaja, yakaonyesha dawa: iambie hifadhidata yenyewe iongeze moja juu ya ilichonacho, usiongeze wewe.

Afrika Mashariki ilijifunzia PHP, tena nje ya mtandao. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilipitia setilaiti na ilikuwa ghali, kwa hiyo XAMPP, iliyokusanya seva, PHP na MySQL kwenye kifurushi kimoja tangu 2002, ilihama kwa flashi kutoka chumba hadi chumba hostelini. Ushahidi, tovuti iliyoundwa Januari 2008 kwa ajili ya Kenya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilikuja kuandikwa kwa PHP. Upande wa pili wa ufundi huohuo ni mradi wa mwaka wa mwisho chuoni: mfumo wa maktaba, wa hosteli, wa duka la dawa, uliopakuliwa ukiwa mzima, ukabadilishwa nembo na rangi. Mara nyingi fomu yake ya kuingia ni ileile ya miaka ya tisini, na duka lake la dawa halina dawa hata moja iliyokwisha muda.

Wanaojifunza mifumo ya afya wana bahati zaidi. DHIS2, iliyokulia Chuo Kikuu cha Oslo na kuanza kutumika Kenya nzima mwaka 2011, huja na hifadhidata ya mfano ya Sierra Leone. Afisa takwimu wa Dodoma au Kigali anayeifungua anakutana na vituo kama Ngelehun, na anatakiwa kuelewa mara moja kwamba kituo ambacho hakikutuma ripoti si sawa na kituo kilichoripoti wagonjwa sifuri. Ukivichanganya, ugonjwa unapungua kwenye grafu huku kijijini unaendelea.

Siku hizi mradi wa mfano haukamiliki bila malipo ya simu. Tangu 2017 Safaricom inawapa watengeneza mifumo Daraja, njia ya kuunganisha mifumo yao na malipo hayo, yenye mazingira ya majaribio na namba ya biashara 174379 ambayo karibu kila mwanafunzi wa Nairobi ameiandika. Mafunzo yanaonyesha simu ikilia, mteja akiweka PIN, na jibu likirudi na msimbo 0, yaani yamefanikiwa. Halafu makofi. Lakini kuna msimbo 1032, mteja ameghairi, na 1037, simu yake haikupatikana. Kuna pia jibu lisilorudi kabisa kwa sababu seva yako ilikuwa imezimika, na agizo linabaki kwenye jedwali halijalipwa wala halijafutwa, ilhali pesa huenda zimeshakatwa. Dawa ni kuhifadhi namba ya ombi mara tu linapotumwa, kisha kuiuliza Daraja hali ya muamala kwa namba hiyo. Njia ya kuuliza ipo, ila mafunzo mengi huishia kabla ya kuifikia.