Mazoezi yalipogeuka onyesho: Chuo kikuu, umma na lugha ya jukwaani

Kila muhula, mbao za matangazo katika vyuo vikuu vya Nairobi hujaa karatasi za kualika watu kwenye tamasha za muziki, maonyesho ya tamthilia na usomaji wa mashairi. Chini ya karatasi hizo aghalabu pana maneno machache: kiingilio ni bure, watu wote wanakaribishwa. Tumeyazoea maneno hayo hata hatuyasomi tena. Lakini historia yake katika mji huu imejaa leseni zilizonyimwa, milango iliyofungwa na watu waliolipia sanaa kwa uhuru wao. Inafaa tuirudie, maana ndani yake mna swali la lugha ambalo hatujalijibu hadi leo.

Tuanze na mahali penyewe. Barabara ya Harry Thuku inapita kati ya bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi na Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Mita chache tu zinatenganisha taasisi hizo mbili, na hoteli ya Norfolk iko papo hapo. Jina la barabara linatukumbusha Machi 1922, pale umati uliokusanyika eneo hilo kudai Harry Thuku aachiliwe ulipofyatuliwa risasi. Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ambapo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Chuo kilichoko ng'ambo ya barabara kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, kikapitia majina mengine, kisha kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Taasisi zote mbili, basi, zilizaliwa chini ya ukoloni, na jukwaa lilizaliwa likizungumza Kiingereza.

Msukosuko wa kwanza ulianzia darasani. Oktoba 1968, wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pachukuliwe na idara itakayoiweka Afrika katikati. Walitaka fasihi simulizi ifundishwe kama fasihi kamili. Wengi wanaoutaja waraka huu huishia kwenye silabasi. Huwa wanasahau kwamba fasihi simulizi haina maisha bila mtendaji na hadhira. Ukishaiingiza chuoni, lazima ama uwaite watu waje, ama utoke uwafuate. Huwezi kufundisha wimbo wa jando au wa mavuno kwa kuuandika ubaoni tu, ukauchambua vina vyake, kisha ukadai umeufundisha.

Njia ya kuwafuata watu ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na jirani zetu. Chuo cha Makerere kilianzisha kikundi chake cha maigizo ya kuzuru mwaka 1965, na wanafunzi wakazunguka wakiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, bila malipo. Nairobi ilifuata katika miaka ya 1970, na jina la John Ruganda, mwandishi wa tamthilia kutoka Uganda, halitenganishwi na kazi hiyo. Wakati wa likizo wanafunzi walipanda gari wakaenda kuigiza katika shule na kumbi za jamii. Hapo ndipo msomi alipogundua jambo ambalo darasani lingeweza kumpita: kiwanjani mtu asiyeelewa hakai kwa adabu akingoja mwisho. Huondoka zake.

Oktoba 1976 ukaja mtihani wa wazi. Tamthilia mbili za Kenya zilikuwa zimeteuliwa kwenda Nigeria katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lililofanyika mapema mwaka 1977. Moja ni ile ya kesi ya Dedan Kimathi, iliyoandikwa na Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Ya pili ni Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Kabla ya safari zilitakiwa zionyeshwe nyumbani, na Ukumbi wa Taifa ndio uliostahiki. Kumbe kalenda ya ukumbi ilikuwa tayari imetengewa burudani za kigeni! Baada ya mvutano, kila tamthilia ilipewa siku nne. Watu walijaa. Onyesho la Kimathi lilipomalizika, watazamaji walijiunga na waigizaji wakiimba na kucheza hadi nje, barabarani. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hapa wachezaji waligombania siku nane katika jengo lenye jina la taifa lao.

Mwaka uliofuata, Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliacha Kiingereza na kuandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Onyesho lilianza Oktoba 1977 katika ukumbi usio na paa ambao wenyeji waliujenga kwa mikono yao. Novemba likapigwa marufuku. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Kumbuka kuwa mwezi Julai wa mwaka huo alikuwa amechapisha riwaya kali, Petals of Blood, kwa Kiingereza, na hakukamatwa kwa ajili yake. Tamthilia ya Kikuyu ndiyo iliyomtia matatani. Kilichoitia serikali wasiwasi ni kwamba sasa mkulima na kibarua walikuwa wakielewa kila neno, tena wao wenyewe wakilitamka.

Tunafika sasa kwenye kisa ambacho naona hakijapewa nafasi yake katika historia ya chuo kikuu. Mwishoni mwa 1981 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilianza kuandaa tamthilia nyingine ya Ngũgĩ, Maitũ Njugĩra, yaani 'Mama Niimbie'. Ilihusu Kenya ya miaka ya 1930 chini ya walowezi, na ilibebwa zaidi na nyimbo na ngoma kuliko mazungumzo. Nyimbo zenyewe zilitoka katika lugha nyingi za Kenya. Ilipangwa ifunguliwe katika Ukumbi wa Taifa tarehe 19 Februari 1982. Leseni iliombwa. Jibu halikuja. Kikundi kilipofika ukumbini kilikuta milango imefungwa.

Wakafanya nini? Wakavuka barabara. Walihamia chuoni, katika ukumbi wa Kitivo cha Elimu uitwao Theatre II, wakaendelea na 'mazoezi' yao. Milango haikufungwa, na habari zikaenea. Watu wakaja kutazama mazoezi, jioni baada ya jioni, maelfu kwa maelfu. Walijaza viti, wakajaza njia za kati, wengine wakasikiliza kutoka nje. Barabara itokayo Limuru huteremka kupitia Kikuyu, Uthiru, Kangemi na Westlands hadi karibu na lango la chuo, na wanakijiji ambao pengine hawakuwa na sababu yoyote ya kukanyaga bewa hilo waliingia wakakaa bega kwa bega na wahadhiri. Siku chache baadaye amri ikatoka, na ukumbi huo nao ukafungwa. Machi 1982 kikundi kilipokonywa idhini ya kuendesha shughuli zake, na polisi wakatumwa Kamĩrĩĩthũ kuubomoa ukumbi wa wanakijiji.

Hebu tulitazame neno 'mazoezi', kwa kuwa safu hii ni ya lugha. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, ilitaka leseni kwa onyesho la hadharani. Mazoezi si onyesho. Mazoezi ni kazi isiyokamilika, na watazamaji wake ni waigizaji wenyewe. Lakini je, mazoezi yakitazamwa na watu elfu moja bado ni mazoezi? Kiswahili kinatusaidia kuona ugumu wa swali hili. 'Hadhira' na 'hadharani' ni maneno ya ukoo mmoja, na yote mawili yana asili yake katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuwapo, kuhudhuria. Panapokuwa na wahudhuriaji, jambo limekwisha kuwa la hadharani, utake usitake. Serikali nayo ilielewa hivyo, bila kuhitaji kufungua kamusi.

Lipo neno jingine linalostahili kutajwa: 'ukumbi'. Leo tunafikiria chumba kikubwa chenye viti na jukwaa. Katika nyumba ya Mswahili, hata hivyo, ukumbi ni sehemu ya kuingilia, mahali mgeni anapopokelewa kabla ya kujulikana kama ataishia hapo au atakaribishwa ndani. Si nje kabisa, si ndani kabisa. Ukumbi wa chuo kikuu ukitumika vyema hufanya kazi hiyo hiyo. Ni mahali ambapo chuo hukutana na watu waliolipa kodi ya kukijenga. Ajabu ni kwamba kwa wiki moja hivi ya Februari 1982, Theatre II ilikuwa ukumbi kwa maana zote mbili.

Wapo watakaosema: lakini hayo ni ya Kikuyu na Kiingereza, Kiswahili kinaingia wapi? Kilikuwapo. Tamthilia ya Kimathi ilitafsiriwa na Raphael Kahaso kwa jina Mzalendo Kimathi, na Ngaahika Ndeenda ikawa Nitaolewa Nikipenda. Jay Kitsao, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika tamthilia za Kiswahili ambazo ziliigizwa na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Naye Alamin Mazrui, aliyekuwa mhadhiri wa Kenyatta, alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, tamthilia ya wafanyakazi wa shamba la mlowezi wakiongozwa na mwanamke, Lanina. Mwaka 1982 Mazrui aliwekwa kizuizini. Mashairi yaliyozaliwa na kifungo hicho tunayasoma katika Chembe cha Moyo. Tunapofundisha kitabu hicho kama mfano wa ushairi huru tu, bila kutaja kilikotoka, tunawanyima wanafunzi nusu ya maana.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ngũgĩ alikuwa Uingereza, hakurudi. Mĩcere Mũgo, Ngũgĩ wa Mĩriĩ na mwelekezi Kĩmani Gecaũ walikimbilia uhamishoni. Kumbi hazikubomolewa kama ile ya Kamĩrĩĩthũ, ila kwa muda mrefu watu walijifunza kuigiza yasiyomuudhi mtu.

Siku hizi mambo yamebadilika, na tuseme hivyo bila kinyongo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ukumbi wa Taifa ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015, na Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa humo, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, bila polisi mlangoni. Hata hivyo, Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na tamthilia yao, Echoes of War, na siku hiyo ikaishia kwa vitoa machozi. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Mei, Ngũgĩ akafariki Marekani. Anayedhani kisa cha 1982 ni cha makumbusho na afikirie upya.

Lakini swali langu la leo si la polisi. Ni la sisi wenyewe tulio chuoni. Tangazo likisema kiingilio ni bure, 'bure' ina maana mbili kwa Kiswahili: bila malipo, na bila faida. Tamasha likitangazwa kwa Kiingereza, likafunguliwa kwa hotuba za Kiingereza, na mshereheshaji akatafsiri utani kwa Kiswahili pale tu anapotaka kicheko, mama mboga wa Kangemi amekaribishwa bure kwa maana ya pili. Mlango uko wazi, haingii, kisha tunasema watu wetu hawapendi sanaa. Ilhali wale wa 1982 walijaza Theatre II bila tangazo lolote la maana, na si wote waliojua Kikuyu! Nyimbo zilikuwa za lugha zao pia, ngoma walizitambua, na kisa kilikuwa chao.

Sipendekezi kila onyesho liwe la Kiswahili. Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, matangazo ya shughuli za sanaa yabandikwe kwa Kiswahili pia, na yafike stejini na sokoni, si kwenye mbao za idara pekee. Pili, anayeendesha shughuli aitumie lugha ya taifa kama lugha ya kazi, si kiungo cha kuchekeshea. Tatu, mara moja kwa mwaka chuo kifungue mazoezi yake, watu wa mitaa ya jirani waje watazame kazi ikiwa bado mbichi, waseme wanachoona kimekosewa. Wazee wa Kamĩrĩĩthũ walifanya hivyo hivyo: walisahihisha lugha ya wasomi hadharani, na tamthilia ikanufaika.

Idara ambazo zina kumbi hizo zinajijua. Muhula ujao si mbali.