Gari kwenye muziki: Rush waliimba uhuru wa dereva, huku kwetu ni habari ya abiria

Basi la Tanga kwenda Arusha likishaziacha Korogwe na Mombo linapita Mazinde, milima ya Usambara ikiwa upande wa kulia. Njia hii ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Karne ya 19 misafara ya biashara ilipita bonde hili, na Semboja, mtawala wa ukoo wa Kilindi, aliweka makao yake Mazinde ili awe karibu nayo. Ikaja reli ya kutoka Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905. Yakaja mashamba ya mkonge, halafu lami.

Kwa gari, ndiyo njia ya kutoka Tanga hadi Arusha. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walianza na Jamhuri Jazz ya Tanga, wakahamia Arusha mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, walikojulikana kama Simba Wanyika. Kwa mwanamuziki wa Afrika Mashariki, barabara ni sehemu ya kazi.

Sasa swali: kama barabara ipo hivyo kwenye maisha ya wanamuziki, gari linaonekanaje kwenye nyimbo? Kwa Wazungu wa roki jibu liko wazi. Kwetu ni tofauti, na tofauti hiyo ina sababu zake.

Roki ya progresivu ni nini?

Ni tawi la roki lililoanzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Bendi kama King Crimson, Yes, Genesis na Pink Floyd zilichoka na wimbo wa dakika tatu. Zikatengeneza nyimbo ndefu zenye vipande vingi, kinanda cha umeme, midundo inayobadilika njiani na hadithi ndani yake. Wimbo mmoja ungeweza kujaza upande mzima wa santuri.

Muziki wa namna hiyo unafanana na safari, kwa hiyo si ajabu gari likaingia. Ujerumani, kundi la Kraftwerk lilitoa "Autobahn" mwaka 1974. Ni wimbo wa zaidi ya dakika 22 kuhusu kuendesha gari kwenye barabara kuu, na kundi hilo lilitoka kwenye roki ya majaribio, jirani kabisa na progresivu.

Rush na gari lililokatazwa

Wimbo wa gari unaotajwa zaidi ni "Red Barchetta" wa Rush, bendi ya watu watatu kutoka Kanada. Umo kwenye albamu "Moving Pictures" ya mwaka 1981. Mpiga ngoma Neil Peart ndiye aliyeandika maneno, baada ya kusoma hadithi fupi ya Richard Foster iliyotoka kwenye jarida la magari la Road & Track mwaka 1973.

Kisa chenyewe: ni zama zijazo, na sheria imepiga marufuku magari ya zamani yenye kasi. Kijana anakwenda shambani kwa mjomba wake, ambako gari dogo jekundu la michezo limefichwa na kutunzwa miaka mingi. Analitoa, analiendesha mwenyewe, anafukuzwa na magari ya kisasa, anawapiga chenga na kurudi salama kwa mjomba.

Hapo gari ni uhuru. Dereva yuko peke yake, barabara iko wazi, na adui ni sheria.

Pink Floyd na Queen

Pink Floyd walilitazama gari kwa jicho la huzuni zaidi. Wimbo wao "Two Suns in the Sunset", kwenye albamu "The Final Cut" ya 1983, unamhusu mtu anayeendesha kurudi nyumbani jioni. Ghafla anaona mwanga wa jua la pili, kumbe ni bomu la nyuklia. Mpiga ngoma wa bendi hiyo, Nick Mason, ni mpenzi mkubwa wa magari aliyeshiriki mashindano ya Le Mans mara tano kati ya 1979 na 1984. Lakini kwenye wimbo huo hakupiga yeye. Alipiga Andy Newmark.

Mwaka 1991 Mason, mpiga gitaa David Gilmour na meneja wao Steve O'Rourke walikwenda Mexico kwenye mbio za magari ya zamani za Carrera Panamericana. Gari la Gilmour na O'Rourke lilipata ajali, na O'Rourke akavunjika mguu.

Queen nao, ambao albamu zao za mwanzo zilikuwa na ladha ya progresivu, walitoa "I'm in Love with My Car" mwaka 1975. Aliyeutunga na kuuimba ni mpiga ngoma Roger Taylor. Yule mwimbaji wao mkuu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, Freddie Mercury, alikuwa na Rolls-Royce, lakini inaelezwa kwamba hakuwahi kuwa na leseni. Alikuwa anaendeshwa, yaani abiria kama sisi wengine.

Tanzania sheria ilikuwa ya kweli

Wakati Rush wakibuni sheria ya kukataza magari, Tanzania ilikuwa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, fedha za kigeni zilikuwa haba, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viligharimu sana. Serikali ikakataza magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Ukionekana barabarani saa hizo bila kibali, una kesi.

Kwa nini basi hatukupata "Red Barchetta" yetu? Jibu ni rahisi. Watu wengi hawakuwa na gari la kukatazwa. Shida ya mtu wa kawaida ilikuwa kupata basi, kisha kupata nafasi ndani ya basi. Gari binafsi lilikuwa alama ya mkubwa, ndiyo maana Kiswahili kikazaa neno "Wabenzi", yaani wale wanaopita ndani ya Mercedes-Benz wakati wenzao wanatembea kwa miguu.

Bendi ya kampuni ya mabasi

Zama hizo bendi nyingi za dansi zilimilikiwa na mashirika. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na NUTA Jazz, kiwanda cha nguo kilikuwa na Urafiki Jazz, na shirika la bima lilikuwa na Bima Lee. Shirika la usafiri la jiji, Usafiri Dar es Salaam, nalo lilikuwa na UDA Jazz. Hebu fikiria: kampuni ya mabasi inakupeleka kazini Jumatatu, na bendi yake inakuchezesha Jumamosi.

Muziki na usafiri viliendelea kushikana. Daladala zilipokuja miaka ya 1980, jina lake likitokana na dala, sarafu ya shilingi tano, redio na kaseti za konda zikawa mahali ambapo watu wengi wanasikia wimbo kwa mara ya kwanza. Dar es Salaam kuna kituo kinachoitwa Sinza kwa Remmy, kutokana na Remmy Ongala wa Super Matimila, aliyefariki Desemba 2010. Konda anakiita kila siku, hata mbele ya abiria waliozaliwa baada ya nyimbo zake kuvuma.

Kizazi cha Bongo Fleva kilipofika, Wagosi wa Kaya kutoka Tanga waliimba "Traffic", kuhusu askari wa barabarani na rushwa. Tazama tena nani anasema: siyo dereva anayefurahia kasi, ni mwananchi anayelalamikia kinachotokea njiani.

Barabara iliyowachukua wanamuziki

Hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Msondo Ngoma wana wimbo unaoitwa "Ajali", ulioimbwa na TX Moshi William, na jina hilo halihitaji maelezo kwa Mtanzania. Historia ya muziki wetu imekatwa na ajali mara kadhaa:

• Salum Abdallah, mwanzilishi wa Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Bendi ikaendelea chini ya Juma Kilaza.

• Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Alikuwa na miaka 34.

• E-Sir, nyota wa rap ya Kiswahili wa Kenya, alifariki Machi 2003 akirudi Nairobi kutoka shoo ya Nakuru. Alikuwa na miaka 21.

Kazi ya muziki inachangia hatari hii. Dansi huisha usiku wa manane, kesho kuna onyesho mji mwingine, vyombo vinapakiwa, na dereva amekesha kama wapigaji. Gari la bendi lenyewe mara nyingi ni la kukodi au limechoka.

Kwa hiyo Gilmour alikwenda Mexico kutafuta kasi kama mchezo, na mwenzake akavunjika mguu. Mwanamuziki wetu anapanda gari kwa sababu ndiyo njia ya kupata riziki. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini uhuru wa dereva siyo jambo la kwanza kuimbwa huku.

Je, pande hizi mbili ziliwahi kukutana?

Ndiyo. Patrick Balisidya wa Afro 70, mwenyeji wa Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1970 alirekodi na Archimedes Badkar, bendi ya Sweden iliyochanganya roki ya progresivu, jazi na muziki wa nchi mbalimbali. Albamu yao inaitwa "Bado Kidogo". Siyo albamu ya magari, lakini unasikia gitaa la dansi la Tanzania likipewa muda wa kutembea bila haraka.

Kabla ya hapo Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi ya roki ya Kiafrika iliyotoa "Ave Africa" mwaka 1976. Rekodi zao zilitolewa upya Uingereza mwaka 2016.

Halafu kuna mfanano ambao wengi hawauoni. Wimbo wa dansi nao una vipande: kwanza kisa kinaimbwa taratibu, kisha magitaa yanashika kasi na watu wanainuka. Kwenye santuri ndogo wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa nusu mbili, upande wa kwanza na wa pili. Yaani ule wimbo mrefu wa safari tulikuwa nao, ila tulikuwa tunaucheza.

Pa kuanzia kusikiliza

Ukiwa na bando, zitafute kwa mpangilio huu:

1. "Red Barchetta" ya Rush: gari kama uhuru.
2. "Autobahn" ya Kraftwerk: safari yenyewe, mwanzo mpaka mwisho.
3. "Two Suns in the Sunset" ya Pink Floyd: dereva asiyefika.
4. "Bado Kidogo" ya Archimedes Badkar na Afro 70.
5. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe: ujue ni sauti gani ilipotea mwaka 1979.

Kama wewe ndiye unayeendesha, angalizo moja. Kijana wa "Red Barchetta" alikuwa peke yake barabarani. Ukipita Mazinde hauko peke yako: kuna wanafunzi wanaovuka, bodaboda, baiskeli na malori yanayotoka Arusha. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na nje ya makazi basi na lori halitakiwi kuzidi 80. Muziki uwe wa kasi unavyotaka, mguu wako ufuate kibao.