Mkono Mrefu Majini

Mjini Singida tuna maziwa mawili ya chumvi, Singida na Kindai, yaliyokaa kati ya miamba ya matale, lakini wazazi wengi wanaoniletea watoto niwafundishe kuogelea wanaamini mtindo huru umetoka Ulaya. Wakiniuliza kama mtoto ana kasi, naanza kuwasimulia mtindo huo ulikotoka.

Mwaka 1844 Waojibwe wawili kutoka Amerika Kaskazini walishindana London wakirusha mikono juu ya maji. Waingereza, waliozoea kuogelea kama chura, waliona vurugu na vishindo tu, wakaendelea na mtindo wao. Miaka 29 baadaye John Trudgen, aliyejifunzia Amerika Kusini, aliurudisha mkono wa juu mjini humo, ila miguu yake bado ilifungua na kufunga kama mkasi. Aliyeikamilisha kazi kwangu mimi ni Alick Wickham, kijana wa Visiwa vya Solomon. Alikulia kwenye maji ya bahari, na alipofika Sydney watu walimwona akipiga miguu juu chini bila kukoma, mikono ikipishana. Ukoo wa Cavill wa huko huko ukauchukua mtindo huo na kuueneza. Mwaka 1922 Johnny Weissmuller wa Marekani akaogelea mita 100 kwa sekunde 58.6, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika moja.

Hapo ndipo ninapowaonyesha wazazi hesabu ya kasi yenyewe. Kasi ni umbali ambao mwili husonga kwa kila mzunguko wa mikono, mara mizunguko kwa dakika. Mtoto ukimpigia kelele "kaza!", anaongeza mizunguko, mkono unakatika kabla haujamaliza kusukuma maji hadi pajani, umbali unafupika. Anahema sana, saa inabaki pale pale. Na mikono ya mtoto wa miaka kumi haijamaliza kurefuka. Kumlinganisha na wa kumi na mitatu ni kumwonea. Maji ya chumvi nayo huinua mwili na miguu, kwa hiyo muda wa ziwani si sawa na wa bwawani.

Magdalena Moshi ameiwakilisha Tanzania katika Olimpiki za 2008, 2012 na 2016, akiogelea mtindo huru. Wasichana wangu humjua kwa jina. Wakiingia majini namwomba mzazi aweke simu mfukoni, ahesabu mikono ya mwanawe kutoka ukuta hadi ukuta.