Bunduki za urithi Marekani: Damu si kibali mbele ya sheria

MZEE anapofariki dunia, jamaa zake humzika, hupokea rambirambi, kisha siku moja hufungua kabati na masanduku yake. Nchini Marekani, ambako raia wengi humiliki silaha, si ajabu kukuta bunduki humo. Ikiwa ni bunduki ya kawaida ya kuwindia, katika majimbo mengi jambo hilo halina uzito mkubwa. Lakini ikiwa ni bunduki ya rashasha, mwana anayeibeba na kwenda nayo kwake kama kumbukumbu ya babake anaweza kujikuta akikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10.

Silaha za aina hiyo husimamiwa na Sheria ya Kitaifa ya Silaha, iliyopitishwa mwaka wa 1934. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamehangaishwa na magenge yaliyotajirika kwa pombe haramu na kuuana kwa bunduki za rashasha. Mnamo Februari 14, 1929, watu saba walimiminiwa risasi ndani ya gereji moja mjini Chicago.

Bunge halikuzipiga marufuku silaha hizo. Liliagiza zisajiliwe na Serikali Kuu, na kila zinapohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine zitozwe ushuru wa dola 200. Kiasi hicho, katika miaka hiyo, kilikaribia bei ya bunduki mpya aina ya Thompson.

Zinazohusika ni bunduki za rashasha, vifaa vya kupunguza mlio wa risasi, bunduki za rifle zenye mtutu usiofika inchi 16, shotigani zenye mtutu usiofika inchi 18, pamoja na mabomu ya mkono na silaha nyingine za maangamizi. Daftari la usajili huwekwa na Idara ya Pombe, Tumbaku, Silaha na Vilipuzi, maarufu kama ATF.

Mwaka wa 1986 sheria ilikazwa zaidi. Raia wa kawaida hawezi kumiliki bunduki ya rashasha isipokuwa ile iliyosajiliwa kihalali kabla ya Mei 19 mwaka huo. Kwa kuwa idadi yake haiwezi kuongezeka, bei imepanda hadi makumi ya maelfu ya dola kwa bunduki moja. Ndiyo maana silaha hizi, licha ya kuwa hatari, huhesabiwa miongoni mwa mali nono za marehemu.

Zawadi si sawa na urithi

Wengi hudhani kwamba baba akiwa hai anaweza kumkabidhi mwanawe bunduki kama anavyomkabidhi saa ya mkononi. Sivyo. Mbele ya sheria hii, zawadi ni uhamisho kama mauzo yalivyo. Mwenye silaha hujaza fomu nambari 4, mpokeaji huwasilisha alama za vidole na kuchunguzwa, na silaha haiondoki mikononi mwa mwenyewe hadi ATF iidhinishe. Iwapo wawili hao wanaishi katika majimbo tofauti, sharti ipitie kwa muuzaji mwenye leseni.

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilifuta ushuru huo kwa aina nyingi za silaha hizi kuanzia Januari 1, 2026, ila bunduki za rashasha na silaha za maangamizi bado hutozwa dola 200. Hata hivyo, kilichoondolewa ni malipo tu. Usajili na idhini vingali palepale.

Mauti hufungua njia nyingine. Mrithi halali, awe ametajwa katika wosia au anatambuliwa na sheria za jimbo pale ambapo wosia haupo, hutumia fomu nambari 5 na halipi ushuru wowote, hata kwa bunduki ya rashasha. Tena silaha inaweza kutoka kwa msimamizi wa mirathi katika jimbo moja hadi kwa mrithi wa jimbo jingine bila kupitia kwa muuzaji. Lakini mrithi naye hutoa alama za vidole na kungoja idhini. Jamaa anayetaka kuinunua kutoka kwa mirathi, ilhali si mrithi wake, hurudi kwenye fomu nambari 4.

Mzigo wa msimamizi

Kati ya mazishi na idhini hiyo, mzigo wote humwangukia msimamizi wa mirathi. Yeye anaruhusiwa kuihifadhi silaha muda wote ambao mirathi ingali inashughulikiwa, bila kuhesabiwa kuwa amehamishiwa. Anatarajiwa kuwasilisha maombi kabla ya mirathi kufungwa.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Msimamizi hapaswi kumwachia ndugu silaha "aiweke kidogo", wala kuipeleka kwa muuzaji ahifadhi, maana kuikabidhi kwa mtu mwingine bila idhini ni uhamisho haramu. Asipopata hati za usajili, anaweza kuiandikia ATF, akiambatisha cheti cha kifo na uthibitisho wa uteuzi wake, aulize kama silaha imo daftarini.

Jibu likiwa haimo, hakuna urithi. Wanajeshi wengi wa Marekani waliorejea kutoka vita vya Ulaya, Asia na Vietnam walirudi na bunduki za maadui kama kumbukumbu. Mwaka wa 1968 Serikali ilitoa msamaha wa siku 30, kutoka Novemba 2 hadi Desemba 1, ili waliokuwa na silaha zisizosajiliwa waziandikishe. Aliyeikosa nafasi hiyo aliwaachia wanawe mali isiyoweza kusajiliwa na mjane, mwana wala msimamizi. Njia iliyobaki ni kuwaarifu maafisa wa usalama na kuisalimisha, hata kama thamani yake ingetosha kununua gari.

Vilevile, si kila mrithi anastahili. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kumpiga mwenzi wake wa ndoa, haruhusiwi kumiliki bunduki. Asiye na kibali cha kuishi nchini humo pia hazuiwi nusunusu; amekatazwa kabisa. Wakenya waliooa au kuolewa huko wana sababu ya kulizingatia hilo, kwani aliyeingia kwa visa ya muda, kama ile ya masomo, kwa kawaida naye hukatazwa, ila mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kuruhusiwa. Pia majimbo yana sheria zake: mrithi anayeishi California au New York hawezi kupewa kifaa cha kupunguza mlio, kwa kuwa majimbo hayo yanakikataza. Katika hali hiyo, silaha huweza kuuzwa kwa mtu anayestahili na fedha zikagawiwa warithi.

Huku nyumbani msingi ni uleule. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti chake mwenyewe. Cheti cha marehemu hakimkingi mjane wala mtoto.

Kinga kubwa, basi, imo mikononi mwa mwenye silaha angali hai. Akiorodhesha alizonazo, akahifadhi hati za usajili pamoja na wosia, na akamjulisha msimamizi mahali zilipo, atakuwa amewaachia watoto mali. Akinyamaza, huenda akawaachia kesi.