Dawa za Kusafisha Injini kwa Magari ya Zamani: Zitumike Lini na Ziachwe Lini

Sehemu kubwa ya magari binafsi yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka kadhaa, mengi yakitokea Japani. Mnunuzi hukabidhiwa funguo na kadi ya gari, lakini ni nadra kukabidhiwa kumbukumbu zinazoonesha ni lini oili ilibadilishwa na ilikuwa ya kiwango gani. Kwa sababu hiyo, chupa za dawa za kusafisha injini zinazouzwa katika maduka ya vipuri hupata wateja wengi wanaotarajia kurejesha nguvu ya gari, kupunguza moshi na kuokoa mafuta.

Makala haya yanaeleza dawa hizo hufanya nini, hatari zake ni zipi, na mmiliki wa gari la zamani azingatie mambo gani kabla ya kuzitumia.

Aina mbili zisizolingana

Dawa hizi ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza hutiwa katika tangi la mafuta ili isafishe njia ya mafuta. Ya pili hutiwa ndani ya oili kuukuu, injini ikaachwa ingurume bila mwendo kwa dakika chache, kisha oili yote ikamwagwa. Mafundi wengi huiita flashi. Hatari ya aina moja hailingani na ya nyingine, hivyo mnunuzi hana budi kusoma maelezo ya chupa kabla ya kulipa.

Dawa ya kwenye tangi

Mafuta yanapoungua huacha masizi na utando kwenye nozeli na kwenye valvu za kuingizia hewa. Kemikali kama polieteramini huweza kuyeyusha uchafu huo kidogo kidogo, nao ukaungua pamoja na mafuta. Jambo hili si geni: nchini Marekani, tangu mwaka 1995, sheria inataka petroli iwe na kemikali za kuzuia uchafu wa aina hiyo kabla ya kumfikia mteja.

Kwa gari la zamani lililo zima, dawa ya tangi ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kwa kawaida haina madhara makubwa. Hata hivyo, ina mipaka. Katika injini ambazo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile za Toyota zenye alama ya D-4, mafuta hayapiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo dawa hiyo haiwezi kuzisafisha. Vilevile, haiponyi plagi iliyochakaa, pampu dhaifu wala sensa mbovu. Tangi lenye uchafu wa miaka mingi likianza kusafishika, chujio la mafuta huweza kuziba, hivyo ni vyema chujio hilo likaguliwe.

Dawa ya kwenye oili

Tahadhari kubwa inahitajika hapa. Oili hugeuka tope pale inapochoshwa na joto, na pale maji na mafuta yasiyoungua yanapochanganyika nayo. Safari fupi na foleni huharakisha hali hiyo. Gari linalotembea mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa hutumia saa 250 kumaliza kilomita 5,000, wakati lile la safari ndefu linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutumia saa 62 na nusu tu. Kilomita zinalingana, lakini kazi iliyofanywa na oili hailingani hata kidogo.

Dawa ya flashi ina viyeyushi vinavyolainisha tope hilo. Ikiwa tope ni jembamba, hutoka pamoja na oili. Ikiwa ni zito, hubanduka vipande vipande na kwenda kuziba wavu ulio kwenye mdomo wa pampu ya oili, chini ya injini. Wavu ukiziba, oili haipandi, na injini huweza kunoki muda mfupi baada ya huduma iliyokusudiwa kuiokoa. Aidha, viyeyushi huipunguza oili uzito wakati injini inaunguruma, na katika injini iliyochakaa tope linaweza kuwa ndilo lililokuwa likiziba mwanya wa sili zilizochoka. Likiondolewa, oili huanza kuvuja.

Ukubwa wa tatizo la tope ulionekana mwaka 2002, pale Toyota ilipotangaza nchini Marekani mpango maalumu wa kutengeneza injini zilizoharibiwa na tope, mpango uliohusu magari yapatayo milioni 3.3 ya matoleo ya 1997 hadi 2002. Injini zilizofikia hatua hiyo zilihitaji matengenezo makubwa, si chupa ya dawa.

Baadhi ya gereji husafisha injini kwa mafuta ya taa au dizeli badala ya dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Njia hii haifai. Mafuta hayo hayana uwezo wa kulainisha vyuma kama oili, na mabaki yake huichafua oili mpya.

Kagua kabla ya kuamua

Mmiliki anaweza kuitambua hali ya injini yake kwa hatua chache. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, afungue kifuniko cha kujazia oili na kuchungulia ndani. Vyuma vyenye rangi ya kahawia isiyokolea ni jambo la kawaida. Ute mweusi mzito kama grisi, au maganda makavu, ni ishara kwamba flashi isitumike mpaka fundi afungue sampu na kukagua wavu wa pampu. Utando mweupe kama maziwa huashiria maji, na chanzo chake kitafutwe kwanza.

Moshi wa bluu huonesha kwamba oili inaungua, mara nyingi kutokana na ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Dawa hairudishi chuma kilicholika. Kwa upande wa magari ya dizeli, oili kuwa nyeusi mapema si dalili ya ubovu, kwani huonesha kwamba inayabeba masizi kama ilivyokusudiwa.

Njia salama zaidi

Oili bora tayari ina kemikali za kusafisha injini na kuushikilia uchafu usigande. Kwa gari ambalo historia yake haijulikani, njia salama ni kubadilisha oili na chujio lake mapema, kwa mfano baada ya kilomita 1,500 hadi 2,000, na kurudia hivyo mara mbili au tatu. Tope huondoka taratibu bila kubanduka kwa mkupuo. Baada ya hapo, mmiliki afuate muda ulioelekezwa na mtengenezaji, akiupunguza endapo gari hukaa sana kwenye foleni au vumbi.

Kitabu cha gari ndicho mwongozo wa kwanza, na watengenezaji wengi hawapendekezi kuongeza chochote katika oili. Madai ya matangazo yapimwe kwa makini: katika miaka ya 1990, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizichukulia hatua kampuni kadhaa za dawa za oili kwa kutoa madai yasiyo na ushahidi wa kutosha. Waendesha bodaboda nao wajihadhari, kwa sababu katika pikipiki nyingi klachi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya dawa huifanya iteleze.

Wananchi wanakumbushwa kununua vilainishi vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kudai risiti, na kutomwaga oili chafu kwenye mitaro au ardhini. Kwa anayeitegemea gari au pikipiki kwa riziki, fedha ya chupa ya dawa mara nyingi hufanya kazi bora zaidi ikinunua oili sahihi na chujio jipya kwa wakati.