1960: mwaka wa nyimbo mbili za Kongo

Ukitaja mwaka 1960 mbele ya wazee wa Kasongo ao Kabambare, watakuambia juu ya dipanda. Lakini ule mwaka ni mkubwa pia katika muziki wa Kongo. Ulileta nyimbo mbili: moja ya kucheza, nyingine ya kusimama wima.

Orkestra inapanda ndege

Tarehe 20 Januari 1960, wakubwa wa siasa wa Kongo na serikali ya Ubelgiji walianza mkutano wa Table Ronde huko Brussels. Thomas Kanza alikuwa kati ya wale waliofanya mpango ili wanamuziki wafike pia.

Joseph Kabasele, anayeitwa Grand Kallé, akaenda na African Jazz yake: Docteur Nico kwenye gitaa la solo, kaka yake Dechaud kwenye gitaa la kusindikiza, Roger Izeidi na Petit Pierre. Wakajiunga nao Vicky Longomba na Brazzos, wote wawili wa OK Jazz. African Jazz na OK Jazz walikuwa wapinzani wakubwa Léopoldville, lakini kule Brussels walipiga pamoja.

Lumumba alitolewa gerezani, akafika Brussels tarehe 26 Januari. Kesho yake ikakubaliwa kwamba uhuru utakuwa 30 Juni. Siku zile zile, Kabasele na wenzake wakatunga "Indépendance Cha Cha". Cha-cha-cha ilitoka Cuba, na vijana wa mijini walikuwa wanaipenda sana.

Majina ndani ya wimbo

Wimbo unaimbwa zaidi kwa Lingala. Hata mtu asiyesikia Lingala anatambua majina: Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, Bolikango na wengine, pamoja na vyama vyao kama ABAKO, MNC na CONAKAT. Kwa watu wengi wasiosoma gazeti, wimbo huu ulikuwa habari yenyewe: nani walikwenda, na walipata nini. Redio ikaupeleka mbali. Na kwa kuwa mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, watu wa nchi nyingine pia waliucheza kama wao.

Wimbo wa taifa

Wimbo wa pili ni "Debout Congolais". Maneno ni ya Joseph Lutumba, muziki ni wa Simon-Pierre Boka, padri Myezuiti. Wenyewe ni wa kwaya na fanfari. Tangu 30 Juni 1960 ulichukua nafasi ya wimbo wa Wabelgiji.

Mwaka 1971, Mobutu alipobadilisha jina la nchi kuwa Zaïre, wimbo huo uliondolewa, ukaingia "La Zaïroise". Cha kushangaza, watungaji walikuwa wale wale, Lutumba na Boka. Mwaka 1997, utawala wa Mobutu ulipoanguka, "Debout Congolais" ukarudi, na ndio watoto wanaimba masomoni mpaka leo.

Yaliyofuata

Umoja ulioimbwa Brussels haukudumu. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwezi wa Agosti, Kalonji akafanya vile kwa Kasai ya Kusini. Tarehe 5 Septemba, Rais Kasavubu akamfukuza Lumumba kwenye kazi ya waziri mkuu. Na tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa Katanga, kwenye utawala wa Tshombe. Tangu siku tarehe ya uhuru ilipokubaliwa, hata mwaka mmoja haukuwa umetimia.

Kwa hiyo "Indépendance Cha Cha" ni furaha, na pia ni ushuhuda. Wale waliokuja kuwa maadui wametajwa mule pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, bila kutengwa kwa kabila wala jimbo. Wimbo wa taifa unaweza kubadilishwa kwa amri ya mkubwa. Huu haukuandikwa kwa amri, na hakuna aliyeweza kufuta jina ndani yake.

Kabasele alifariki tarehe 11 Februari 1983. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Na kila 30 Juni ikikaribia, gitaa la Nico linasikika tena: wazee wanacheza, vijana wanauliza wale wanaotajwa ni nani. Ni swali zuri la kujibu kabla muziki haujaisha.