Dar–Nachingwea, saa moja na nusu!

Wadau, nimerudi chuo. Babu kafariki wiki iliyopita, nimefika Chiola kesho yake, wameshazika. Yaani siku nzima kwenye basi!

Nikapima ramani: Dar hadi Nachingwea, mstari ulionyooka, ni kilomita kama 390 tu. Waingereza walilijua hilo. Mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 ukafa 1951, ndio ulioleta uwanja wa ndege Nachingwea. Dakota ya enzi hizo, kilomita 270 kwa saa, ni saa moja na nusu hivi. Barabarani watu walisubiri pantoni Rufiji mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003.

Babu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki kwenye mradi huohuo. Ndege aliziona kila wiki, jamani, kupanda hakuwahi.